Mzee Akirudi Ofisini

Muhula uliopita, katika kipindi cha mdahalo, tulipewa mada hii: "Mtumishi wa serikali aliyeacha kazi akatazwe kurudi katika ofisi yake ya zamani kuwasemea watu wengine." Wapinzani wa mada walishinda kwa makofi. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba penye wazee haliharibiki neno, na kwamba taifa linalomfungia mlango mzee aliyelitumikia miaka 30 ni taifa lililokosa adabu. Darasa likapiga meza. Mwingine akaongeza kwamba mada yenyewe imetoka kwa Wazungu, ambao huwaweka wazee wao katika nyumba za kutunzwa na kuwasahau. Makofi tena. Mimi nilikuwa upande wa watetezi wa mada, lakini zamu yangu ilipofika nilisema maneno mawili matatu ya kitabuni, nikaketi.

Sikukosa la kusema. Niliona aibu, kwa sababu ushahidi ambao ningeutoa ulikuwa wa kosa nililolitenda mimi mwenyewe. Leo ninauandika, na wenzangu walioshinda siku ile wanisamehe nikisema kwamba walishinda kwa methali, hawakushinda kwa hoja.

Nilipomaliza mtihani wa Kidato cha 6, nikiwa nangoja matokeo, nilipata kazi ya kusaidia katika masjala ya ofisi ya maji ya wilaya moja hapa Uganda. Kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili, kuandika katika daftari barua zilizoingia na zilizotoka, na kupeleka chai. Asubuhi moja aliingia mzee mmoja, na watu wote wakasimama. Hata dereva aliyekuwa nje aliacha kuosha gari akaja kumsalimu. Alikuwa mhandisi wa ofisi hiyo kwa miaka mingi, naye alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia. Kijana aliyeshika nafasi yake alifundishwa kazi na yeye, tangu siku ya kwanza ya kushika ramani.

Nilipiga magoti kumwamkia, kama msichana wa Kiganda anavyolelewa. Akaniuliza ukoo wangu. Nilipomtajia akacheka, akasema kumbe mimi ni shangazi yake, maana ukoo wetu ni mmoja. Kisha akasema kwa upole, "Basi, shangazi, niletee lile faili la visima vya mwaka juzi." Nikaitika, "Ssebo," nikaenda kabatini, nikampa. Sikumwuliza analitaka la nini. Hata wazo la kumwuliza halikunijia.

Alilisoma kwa muda wa dakika 20 hivi. Ndani yake mlikuwa na ripoti ya ukaguzi aliyoiandika yeye mwenyewe alipokuwa kazini. Ripoti ilisema kwamba katika baadhi ya visima vilivyochimbwa na kampuni fulani, maji yalitoka machache kuliko mkataba ulivyotaka, na kwa hiyo sehemu ya mwisho ya malipo izuiliwe mpaka kampuni irudi kurekebisha. Sasa mzee alikuwa mshauri wa kampuni ile ile. Aliingia chumba cha ndani kwa kijana wake, mlango ukafungwa, nami nikapeleka chai.

Nje, kwenye benchi, walikuwa wameketi wanaume wawili na mama mmoja, wote wa kamati ya maji ya kijiji kimoja kati ya vijiji vile. Walifika tangu saa 2 asubuhi. Waliambiwa mhandisi ana mgeni. Ilipofika saa 7 waliondoka ili wawahi gari la kurudi kwao. Siku chache baadaye niliandika katika daftari la barua zilizotoka barua ya kuruhusu malipo ya mwisho. Sikuona ripoti mpya ya ukaguzi. Yule mama alirudi mara mbili kabla sijaacha kazi ile. Mara ya mwisho aliniuliza mimi, kwa kuwa hakupata mwingine wa kumwuliza: "Binti yangu, yule mzee si ndiye aliyekuja kijijini akatuambia tusiwe na wasiwasi, kampuni hailipwi mpaka maji yatoke?" Nilimwambia angoje mhandisi.

Sisemi kwamba mzee yule aliiba. Sikuona bahasha, wala sikusikia kilichosemwa nyuma ya mlango. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Wenzangu katika mdahalo walisema kwamba kama kuna rushwa, sheria ya rushwa ipo na inatosha. Lakini hapa hapakuhitajika rushwa. Mzee aliingia na vitu vitatu ambavyo mwananchi wa kawaida hana, na vyote vitatu alivipata kwa mshahara wa umma. Alijua faili liko wapi na lina udhaifu gani, kwa sababu aliliandika. Aliwajua waliomo ofisini, kwa sababu aliwafundisha na kuwapandisha vyeo. Tena alikuwa na heshima ya cheo ambacho hakuwa nacho tena, lakini ambacho sisi tuliendelea kumvika. Vitu hivyo vitatu alivikodisha kwa kampuni. Wanakijiji waliolipa kodi ili mhandisi awe upande wao walijikuta wamemsomesha wakili wa upande wa pili.

Kiswahili chetu kina neno zuri sana kwa mtu wa namna hii: aliyekuwa. Aliyekuwa mhandisi, aliyekuwa mkurugenzi, aliyekuwa katibu. Tumefundishwa tofauti ya aliye na aliyekuwa tangu mwaka wa kwanza, na mtu akikosea katika mtihani anakatwa alama. Ofisini tofauti hiyo haitambuliwi. Siku ile mzee alikuwa aliyekuwa, nasi tulimtii kama aliye.

Sasa tuitazame sheria yenyewe inayobishaniwa, maana katika mdahalo wetu wengi waliipinga bila kuijua. Mfano unaoeleweka vizuri ni wa Marekani, kwa sababu huko jambo hili limegawanywa kwa viwango. Kiwango cha kwanza ni katazo la maisha: mtu aliyeshughulikia jambo mahususi lenye wahusika wanaojulikana, kama vile mkataba fulani, kesi fulani au ombi fulani la leseni, hawezi kamwe kwenda serikalini kulisemea jambo hilo hilo kwa niaba ya mtu mwingine. Kiwango cha pili ni cha miaka 2: kinahusu mambo mahususi ambayo yeye hakuyashika kwa mkono wake, lakini yalikuwa chini ya mamlaka yake katika mwaka wake wa mwisho kazini. Kiwango cha tatu ni cha maafisa wa ngazi za juu: kwa mwaka 1 baada ya kuondoka, afisa wa namna hiyo haruhusiwi kuwasiliana na idara yake ya zamani kwa niaba ya mtu mwingine kwa nia ya kuishawishi juu ya jambo lolote, hata lile ambalo hakulijua. Kwa wakubwa zaidi, kama makamu wa rais, kipindi hicho ni miaka 2.

Angalieni sheria hiyo haikatazi nini. Haimkatazi mstaafu kwenda kudai pensheni yake, wala kuuliza habari za kiwanja chake. Haimkatazi kutoa ushahidi mahakamani kwa kiapo. Haimkatazi kuajiriwa na kampuni. Haimkatazi kwenda kuwasalimu vijana wake, kunywa nao chai na kuwaombea heri. Mlango haufungwi kwa mzee, unafungwa kwa mteja ambaye mzee amembeba mgongoni. Aliyesema darasani kwamba sheria hii inawatupa wazee hakuisoma.

Kwa viwango hivyo, kisa nilichokisimulia kiko katika kile cha kwanza, kile cha maisha. Mkataba ni ule ule, kampuni ni ile ile, ripoti ni ya mkono wake mwenyewe. Hapahitaji mwanasheria kuling'amua hilo. Yule mama wa kamati ya maji aliliona akiwa amekaa kwenye benchi.

Sitaki kudai kwamba Wamarekani wamefaulu katika kila jambo. Sheria yao ina tundu kubwa: mtu aliyekatazwa kuwasiliana anaweza bado kukaa nyuma na kumwongoza mwenzake aseme nini na amwone nani. Tena kuna kesi moja ambayo sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuijua. Lyn Nofziger alikuwa msaidizi wa Rais Ronald Reagan katika mambo ya siasa. Aliacha kazi Ikulu ya Marekani mwezi Januari 1982, akafungua ofisi ya ushauri. Kabla mwaka haujapita alimwandikia msaidizi wa Edwin Meese, aliyekuwa mshauri mkubwa wa Rais, akiitetea kampuni ya Wedtech ya Bronx, New York, iliyotaka mkataba wa kutengeneza injini ndogo za jeshi. Kampuni ikapata mkataba. Mwaka 1988 Nofziger alitiwa hatiani, akahukumiwa kifungo cha siku 90 na faini ya dola 30,000. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu.

Mahakama haikusema kwamba hakuandika barua ile. Ilijikwaa kwenye neno moja. Sheria ya wakati ule ilimhusu mtu aliyetenda jambo hilo "kwa kujua", na haikuwa wazi kama maneno hayo yalifungamana na kitendo cha kuwasiliana tu, au na sentensi nzima, yaani kwamba mshtakiwa awe alijua pia kila jambo linalokifanya kitendo chake kuwa kosa. Kwa kuwa sheria ya jinai ikiwa na maana mbili mshtakiwa hupewa ile iliyo nyepesi kwake, Nofziger akaenda nyumbani. Mwaka ule ule sheria iliandikwa upya. Wako wanaotucheka kwamba tunapoteza miaka mitatu chuoni kujifunza vielezi na vishazi. Waambieni kesi nzima ya Ikulu iliwahi kuanguka kwa sababu ya kielezi kimoja.

Nirudi kwa yule aliyesema kwamba hili ni jambo la Wazungu. Nenda Kenya, hapo jirani. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 inamkataza aliyekuwa afisa wa dola kuajiriwa na mtu au kumwakilisha mtu katika jambo ambalo afisa huyo alilishughulikia alipokuwa kazini, kwa muda usiopungua miaka 2 tangu aondoke. Nenda Tanzania. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inasema kwamba kiongozi, hata baada ya kuondoka madarakani, asijipatie manufaa yasiyostahili kutokana na cheo alichokuwa nacho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 unazitaka nchi ziweke mipaka, kwa muda unaofaa, kwa kazi za waliokuwa watumishi wa umma pale kazi hizo zinapogusa moja kwa moja majukumu yao ya zamani. Nchi ya kwanza duniani kuuridhia ilikuwa Kenya. Uganda iliuridhia mwaka 2004. Kama hili ni jambo la Wazungu, basi Afrika Mashariki tumelitia sahihi kwa mikono yetu wenyewe.

Na hapa kwetu? Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 233, inataka Kanuni ya Maadili ya Uongozi ikataze mwenendo unaoweza kuharibu uaminifu wa viongozi na kutopendelea kwao. Maneno ni mazuri. Lakini marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ndiyo yaliyoweka baraza la kusikiliza mashauri ya Kanuni hiyo, na wajumbe wake wa kwanza waliapishwa mwaka 2020. Miaka 15 ilipita. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaielewa subira hiyo kuliko wengine, kwa sababu ni marekebisho hayo hayo ya mwaka 2005 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya pili rasmi ya Uganda, na kila mmoja wetu anajua ni ofisi ngapi alizoingia akasalimu kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Kuandikwa katika Katiba ni jambo moja, na kufika kwenye meza ya masjala ni jambo jingine. Mimi nilikaa masjala miezi mitatu. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu aliyestaafu si mtumishi, na kwamba faili si chai ya kumkaribishia mgeni.

Sasa nizijibu hoja tatu zilizopigiwa makofi.

Hoja ya kwanza ni heshima. Wenzangu walisema kumkatalia mzee ni kumvunjia heshima. Mimi nauliza: heshima ya nani? Kwenye benchi palikuwa na mama mwenye umri sawa na yule mzee, labda alimzidi. Yeye alingoja saa 5 akaondoka bila kuonwa. Kama tunaheshimu wazee, mbona mmoja alipewa kiti, faili na chai, na mwingine akapewa benchi? Tuseme kweli: siku ile tuliheshimu cheo, tena cheo kilichokwisha. Mzee mwenye heshima hamweki mtoto wa masjala katika njia panda, achague kati ya adabu aliyofundishwa nyumbani na kazi anayolipwa na umma. Mzee yule aliniita shangazi, kisha akautumia ushangazi huo kama ufunguo wa kabati. Aliyekosewa adabu hapo si yeye.

Hoja ya pili ni ujuzi. Ilisemwa kwamba wastaafu wana ujuzi mwingi, na kuwazuia ni kuutupa. Nakubali kwamba ujuzi wao ni mali. Ndiyo sababu ninauliza uko upande gani. Serikali ikimhitaji mhandisi wake wa zamani, na imwite, imlipe, aje kuwafundisha vijana mchana kweupe. Kampuni ikimhitaji, na imwajiri asimamie uchimbaji, visima vitoke maji, na kazi yenyewe iseme. Ambacho hakikubaliki ni ujuzi ule ule kutumiwa kubatilisha kazi aliyoifanya kwa fedha zetu. Ufaransa nayo ina wataalamu, wala haijawatupa, lakini sheria yake ya jinai inampa kifungo cha hadi miaka 3 na faini ya hadi euro 200,000 mtumishi wa umma anayejiunga na kampuni aliyokuwa akiisimamia au akifanya nayo mikataba, kabla ya kupita miaka 3.

Hoja ya tatu ni riziki, na hii ndiyo ninayoiheshimu. Umri wa lazima wa kustaafu katika utumishi wetu ni miaka 60, na mtu anaweza kuondoka mapema kuliko hapo. Mtu wa miaka 60 bado ana nguvu, ana watoto shuleni na wajukuu nyumbani. Pensheni ikichelewa atakula nini? Hoja hii ni ya kweli, lakini imepelekwa kwenye mlango usio wake. Ibara ya 254 ya Katiba yetu inasema malipo ya pensheni yafanywe bila kuchelewa, kwa utaratibu, na yapatikane kwa urahisi. Kama hayafanyiki hivyo, tuishitaki serikali inayochelewesha. Tusimlipe mstaafu kwa kumruhusu auze mafaili ya kijiji. Deni la serikali kwa mzee halilipwi na mama anayechota maji bondeni.

Palikuwa na mwenzetu wa nne, ambaye hakupigiwa makofi, lakini maneno yake ndiyo yaliyonifikirisha zaidi. Alisema, "Mkiwakataza kufika, watapiga simu. Mkikataza simu, watamtuma mpwa." Ni kweli. Katazo linalomhusu mstaafu peke yake ni nusu ya sheria, kwa sababu yeye tayari ameondoka, na mkono wa ofisi haumfiki kwa urahisi. Waliobaki ndani ndio wenye kabati na funguo. Sheria zote nilizozitaja zimeandikwa kwa ajili ya anayeondoka, na ndiyo sababu hazifiki chini. Mimi nataka kanuni ambayo itamsimamisha aliyebaki, hasa mdogo kabisa wa ofisi, na kumpa neno la kusema. Siku ile kama ningekuwa na sentensi moja tu mdomoni, sentensi iliyobandikwa ukutani ambayo mzee mwenyewe aliwahi kuitia sahihi, ningeweza kuisema nikiwa bado nimepiga magoti: "Ssebo, naomba kwanza niandike katika daftari umekuja kwa ajili ya nani."

Kwa kuwa ni rahisi kulaumu na vigumu kuandika, nimejaribu kuiandika kanuni hiyo mwenyewe:

"Mtu aliyeacha utumishi hatawasiliana na ofisi aliyoitumikia, kwa niaba ya mtu mwingine, juu ya jambo alilolishughulikia alipokuwa kazini. Katazo hili halina mwisho. Juu ya jambo jingine lolote la ofisi hiyo, hatawasiliana nayo kwa niaba ya mtu mwingine mpaka ipite miaka 2. Kuwasiliana ni kufika, kuandika, kupiga simu, kutuma ujumbe au kumtuma mtu. Mtumishi atakayefuatwa ataandika katika daftari siku hiyo hiyo jina la aliyemfuata na jambo aliloliomba, na daftari hilo litakuwa wazi kwa mwananchi yeyote. Mtumishi hataadhibiwa wala kucheleweshwa cheo kwa kukataa."

Sikuweka "kwa kujua". Mtu hawezi kusema hakujua jambo ambalo sahihi yake iko chini ya ripoti. Nimeweka "kumtuma mtu" kwa ajili ya mpwa. Nimeweka daftari kwa ajili ya yule mama, ili siku nyingine akiambiwa mhandisi ana mgeni, apate kusoma mgeni ni nani na amekuja kutafuta nini. Najua haitaziba kila tundu, maana aliyekatazwa kuwasiliana bado anaweza kukaa nyuma akamwelekeza mwingine. Walimu wangu watakaoona kasoro nyingine katika maneno yake nawaomba wairekebishe. Ningefurahi zaidi kusahihishwa kanuni hii kuliko kupewa alama za insha.

Wako watakaosema kwamba nimemhukumu mzee mmoja kwa siku moja, hali miaka yake yote ya kazi ilikuwa mizuri. Inawezekana kabisa kwamba ilikuwa mizuri. Ripoti ile aliyoiandika alipokuwa kazini ilikuwa ya mtu mwaminifu. Alikwenda kijijini, alipima maji, aliwaahidi watu, na aliandika alichokiona. Ndiyo sababu ninadai kanuni wala sidai watu wema. Mtu yule yule, akiwa na mwajiri mwingine, aliketi akaisoma kazi yake nzuri kama kizuizi cha kuondolewa. Kama lilimpata yeye, litampata mwenzangu aliyepigiwa makofi siku ile, na litanipata mimi, maana wengi wetu humu darasani tunasoma ili tuajiriwe na serikali, na siku moja tutastaafu.

Naomba mada ile irudishwe katika kipindi cha mdahalo muhula huu. Nitakaa upande ule ule, na safari hii zamu yangu ikifika nitasimulia habari ya faili.